Goti hukatika kichwa kikichelewa: njia nne za kulinda wachezaji, na ipi inafaa timu yako

Kama unashughulika na timu ya mtaa kule Kondele, ama timu ya shule Vihiga, ama unacheza raga Nakuru wikendi, basi ushapewa ushauri hadi ukachanganyikiwa. Mmoja anakwambia fanyeni ile wamapu ya FIFA, yale mazoezi ya kupasha mwili, kila siku na mambo ya magoti yataisha. Mwingine ametoka kozi ya makocha juzi, yeye anasema shida si misuli, shida ni mchezaji kuchelewa kuamua. Kuna kijana ako na programu kwa simu ya kubonyeza rangi, anasema majuu ndio wanatumia. Halafu mama ya mchezaji anakuja pale kando ya uwanja anakwambia kochi, huyu mtoto halali. Na wote wako na pointi, ndio maana inakuwa ngumu, juu wewe uko na mazoezi mara mbili kwa wiki, mipira mitatu, na saa moja jioni giza limeshaingia.

Nimezilinganisha hizo njia nne hapa chini. Kama unatafuta jina la mshindi mmoja hutalipata, juu inategemea timu yako inavuja wapi.

Kwanza, kichwa kinaingiaje kwa mambo ya goti

Majeraha mengi ya ile ligamenti ya katikati ya goti, ACL, hayaletwi na kugongwa. Mchezaji ako peke yake, anageuka ama anatua, unasikia "pap", ako chini ameshika goti. Watafiti wa Oslo walichukua video za wachezaji wa kike wa handboli na basketi wakiumia hivyo, wakazipima picha kwa picha, wakaona ligamenti inakatika takriban milisekunde 40 baada ya mguu kugusa chini. Sasa weka hiyo kando ya hii: mtu wa kawaida akiona taa ikiwaka, mpaka abonyeze kitufe, anachukua milisekunde 200 na kitu. Yaani mguu ukishatua vibaya hakuna kurekebisha, ubongo haujapata hata habari. Kila kitu kinategemea venye mwili ulijipanga kabla mguu haujafika chini, na mwili hujipanga kulingana na kile macho yaliona na kichwa kikaamua, mapema ama kwa kuchelewa.

Mwaka 2007 kulitoka utafiti wa Marekani ambao watu wa hizi mambo hawaachi kuutaja. Walichukua wanamichezo 80 wa vyuo walioumia ACL bila kugongwa, wakawaweka kando ya wenzao 80 ambao hawakuumia. Utamu wake ni kwamba wote walikuwa wamefanya mtihani wa ubongo kwa kompyuta kabla ya msimu, kabla mtu yeyote hajaumia. Wale walioumia baadaye ndio walikuwa na alama za chini: reaksheni iko polepole, spidi ya kuchakata mambo kichwani iko chini, kumbukumbu ya vitu walivyoona na ya maneno pia iko chini.

Na kwa mpira wenyewe, mwaka 2015 zilichambuliwa video za majeraha 39 ya ACL ya wanaume wanaocheza mpira wa kulipwa. Hali iliyoongoza ilikuwa ya kupiga presha: beki anamkimbilia mwenye mpira kwa spidi, mwenye mpira anampiga chenga, beki anajaribu kubadilisha njia akiwa ameshachelewa. Fikiria hapo. Huyo beki hakukosa nguvu. Alikuwa amejitoa kabisa kuelekea kulia, halafu habari mpya ikafika.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale. Inagusa nini haswa, mguu, uamuzi ama uchovu wa kichwa? Ushahidi wake ni wa majeraha kupungua kweli uwanjani, ama ni wa maabara tu? Inakula muda na pesa ngapi kwa timu ya huku kwetu, si timu ya Ulaya? Inakwama wapi? Na inamfaa nani. Nimeweka ushahidi juu ya pesa, lakini pesa si mbali, tusidanganyane.

Njia ya kwanza: kupasha mwili kwa mpangilio, ile FIFA 11+

*Inagusa nini.* Mguu, waziwazi. Iko na sehemu tatu: dakika 8 za kukimbia polepole na kufungua nyonga, dakika 10 za nguvu, kuruka na balansi, halafu dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kugeuka. Mazoezi 15 kwa jumla, na yale ya katikati yako na ngazi tatu za ugumu. Mle ndani kuna ile ya kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu na wewe unashuka mbele polepole mpaka uso ukaribie nyasi, ile ambayo kesho yake nyuma ya mapaja inakuuma hadi unashuka matatu kwa mateso. Kwa upande wa kichwa, faida yake ni ya kuzunguka: ukirudia kutua vizuri mara nyingi, mwili unatua hivyo bila wewe kufikiria, kwa hivyo siku ya gemu kichwa kinabaki na nafasi ya kuangalia mpira na watu.

*Ushahidi.* Hapa ndio iko mbele ya zote. Norway walijaribu na klabu 125 za wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja, na yale mabaya karibu nusu. Utasema hiyo ni Norway, wako na nyasi za kupanda na madaktari kando ya uwanja. Sawa. Nigeria nao walijaribu kwa ligi ya vijana ya Lagos, wavulana 416 wa timu 20, wakachapisha 2014: majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Lagos si Oslo. Hiyo ya Lagos ndio mimi huonyesha kochi akiniambia hizi ni mambo ya wazungu.

*Muda na pesa.* Dakika 20 timu ikishazoea, wiki mbili za kwanza itakula zaidi. Pesa hakuna, kitabu chake na video ziko bure kwa intaneti.

*Inakwama wapi.* Inaboesha. Vijana wanafanya nusu nusu wakiongea mambo ya ligi ya Uingereza, kochi naye anaanza kukata kipande leo kipande kesho, mwisho inabaki mizunguko miwili ya uwanja kama zamani. Shida ya pili iko kwa mdomo wa kochi. Ukipiga kelele "goti lisiingie ndani! goti! goti!" unamfanya mchezaji afikirie goti lake, na mtu anayefikiria goti lake akitua anakakamaa. Watafiti wa mambo ya kujifunza mwendo wamelionyesha hili mara nyingi, mtu anajifunza haraka ukimpa kitu cha nje cha kulenga kuliko ukimtajia kiungo cha mwili. Kwa hivyo mwambie "elekeza goti kwa ile koni," ama "tua nisisikie." Basi. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Shida ya tatu ndio kubwa kwa mada yetu: karibu kila kitu kwa hii njia unakijua mapema. Unajua utaruka saa ngapi na utageuka upande gani. Hakuna mtu wa kukudanganya.

*Inamfaa nani.* Timu yoyote ambayo wamapu yake sai ni kukimbia mizunguko na kuvutana miguu. Na zaidi timu za wasichana wa sekondari, juu wasichana wanaoanza kubalehe kwenda juu wanakatika ACL mara mbili ama tatu zaidi ya wavulana wa michezo ile ile.

Njia ya pili: mazoezi ya kuamua ghafla

*Inagusa nini.* Kile kipande kati ya jicho na mguu. Hebu nieleze moja kwa urefu ndio uone. Weka koni, mchezaji asimame mita kumi hivi nyuma yake. Mwenzake asimame ng'ambo ya koni akiwa na bibu mbili, zile vesti za kugawa timu mazoezini, amezificha mgongoni, nyekundu na kijani. Mchezaji anakuja kwa kasi, akibakisha hatua mbili tatu mwenzake anatoa bibu moja. Nyekundu unakata kushoto, kijani unakata kulia. Wewe kochi usiangalie nani ameenda haraka, angalia mguu ule anaokanyagia. Yule ameamua mapema utamwona anapunguza hatua, anashuka chini kidogo, mguu unatua karibu na mwili na kifua kinaangalia penye anaenda. Yule amechelewa mguu unaenda mbali pembeni, goti limenyooka halafu linaingia ndani, na kifua kimebaki upande wa kule alikuwa anataka kwenda kwanza. Hiyo picha ya pili, kifua huku mguu kule, ndio ile ya kwenye video za watu wakiumia. Ukiiona kwa mazoezi ya spidi ndogo bado uko na nafasi ya kuirekebisha.

Wakizoea, toa bibu, weka mtu na mpira. Hapo mfundishe mchezaji aangalie kiuno cha mwenye mpira, juu mabega na macho yanadanganya lakini kiuno kinaenda na mwili. Halafu ongeza ile ambayo wengi wanasahau, ya kujizuia: mara moja moja mwenye bibu anatingisha mkono bila kutoa kitu, na mchezaji anatakiwa asimame. Kushindwa kujizuia, kuruka kwa kila chambo, ndio ilimmaliza yule beki wa presha.

*Ushahidi.* Maabara iko na habari nyingi. Mwaka 2001 Waaustralia walipima wachezaji wakikata kona waliyoijua mapema na kona wanayoonyeshwa wakiwa njiani, na nguvu za kupinda na kusokota goti ziliongezeka hadi mara mbili wakati hawakujua. Goti ni lile lile na kona ni ile ile, kilichobadilika ni kujua. Mwaka 2016 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba watu wenye alama za chini kwa mtihani wa ubongo wanatua kwa njia ya hatari zaidi kuliko wenye alama za juu, wakiambiwa mwelekeo wakiwa karibu kugusa chini. Lakini tuwe wakweli, hizi ni namba za mzigo kwa goti. Si hesabu ya wachezaji wangapi walimaliza msimu bila kuumia, na hapo njia ya kwanza imeiacha hii mbali.

*Muda na pesa.* Dakika kumi, bibu mbili na koni. Kinachogharimu ni jicho la kochi. Ukiifanya huku unaongea na simu ni mchezo tu.

*Inakwama wapi.* Kwa uwanja mbaya. Ile viwanja vyetu venye mashimo, ama venye ng'ombe wamepita asubuhi baada ya mvua, usianze hii kwa kasi ya gemu. Pia kwa mchezaji ambaye bado hajui kutua kwa miguu miwili bila magoti kugongana, huyu ukimpa kuamua ghafla unampeleka kule kule unataka kumwepusha. Na isiwe mwisho wa mazoezi wakati wamechoka, angalau mwezi wa kwanza. Mara chache kila upande, pumziko la kutosha katikati, ukiona miguu imeanza kuenda mbali pembeni simamisha. Vijana watalalamika juu hii wanaipenda, ndio mashindano.

*Inamfaa nani.* Mabeki na viungo wa kupiga presha, wachezaji wa raga ya saba saba, basketi, handboli, kipa pia kwa njia yake. Na timu ambayo tayari iko na msingi wa nguvu lakini wachezaji wake wanaumia kwa gemu na si kwa mazoezi. Hiyo ni dalili nzuri sana ya kuangalia, juu kwa mazoezi ya koni kila mtu anajua anaenda wapi.

Njia ya tatu: michezo ya simu, kompyuta na taa za kubonyeza

*Inagusa nini.* Spidi ya kichwa peke yake, bila mguu. Kuna programu za simu za kufananisha rangi, kukumbuka mahali vitu vilikuwa, kubonyeza kabla haijapotea. Kuna pia zile taa ndogo za duara kama BlazePod unazozitandaza chini ama ukutani, zinawaka ovyo na wewe unazigusa.

*Ushahidi.* Mtu atasema, si umetuambia wewe mwenyewe walioumia walikuwa na alama za chini kwa kompyuta? Ndio. Lakini alama ya chini kuonyesha nani ako hatarini si sawa na kusema ukipandisha ile alama hatari inashuka. Tafiti za michezo ya ubongo zimekuwa zikileta jibu lile lile kwa miaka: mtu anakuwa hodari wa huo mchezo anaoucheza, na mambo mengine yanayofanana nao kidogo, lakini kuvuka mpaka uwanjani ni kugumu. Taa ziko afadhali kidogo juu angalau mwili unasonga, ila taa haina kiuno, haikupigi chenga. Mpinzani anakupa habari kabla hajageuka, na mchezaji mzuri anaisoma ile habari. Taa inawaka tu.

*Muda na pesa.* Programu nyingi za simu ni bure na mtu anafanya akiwa kwa matatu. Taa zenyewe ni makumi ya maelfu ya shilingi, pesa ambayo kwa timu nyingi za huku ni jezi na nauli ya kwenda uwanja wa Bukhungu, Kakamega, na kurudi.

*Inakwama wapi.* Nishasema. Naongeza kwamba kumpa kijana sababu nyingine ya kukaa na simu saa tano usiku, hapo umeharibu njia ya nne kabisa.

*Inamfaa nani.* Mchezaji aliyewekwa kando na plasta mguuni ambaye hawezi kukanyaga lakini anataka kufanya kitu. Timu zenye pesa, kama kionjo juu ya mengine. Na taa ni nzuri kupima, ukizitumia zile zile kila mwezi utajua nani reaksheni yake imeshuka ghafla, na huyo umuulize maswali.

Njia ya nne: kupunguzia kichwa mzigo

Hii watu hawaiiti mazoezi, ndio maana inarukwa. Nitakaa hapa kidogo.

*Inagusa nini.* Uchovu wa kichwa, stresi, na kichwa kilichogongwa. Kuna maelezo ya tangu 1988 ya wanasaikolojia wawili wa michezo, Andersen na Williams: mtu mwenye stresi nyingi maishani akiingia kwa mashindano, misuli inakaza bila yeye kutaka na macho yanakuwa membamba, haoni pembeni. Sasa rudi kwa yule beki. Anaona mpira tu, haoni mtu anayekuja upande, na misuli ya paja imekaza wakati inatakiwa ilegee na kujipanga upya. Unamwona mzembe kumbe fees haijalipwa nyumbani.

*Ushahidi.* Usingizi kwanza. Mwaka 2014 kulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa Los Angeles wanaocheza michezo, 112, na wale waliokuwa wanalala chini ya masaa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Sasa chukua bweni la huku kwetu, prepu ya usiku mpaka saa nne, kengele saa kumi na moja asubuhi ama kabla, halafu jioni unamtaka akate kona kwa spidi. Mitihani nayo: chuo kimoja cha Missouri kilifuatilia wachezaji wake 101 wa mpira wa Kimarekani, na wiki zenye mitihani uwezekano wa kuumia ulipanda karibu mara mbili. Kichwa kilichogongwa ndio mambo mengine kabisa. Tafiti nyingi sasa zinakubaliana kwamba mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo, hata baada ya kuambiwa amepona, kwa miezi inayofuata ako na hatari kubwa zaidi, kama mara mbili hivi, ya kuumia mguu. Mguu! Kichwa ndio kiligongwa lakini goti na kifundo ndio vinalipa. Maumivu ya kichwa yameisha lakini ile milisekunde chache za kuamua bado hazijarudi zote.

*Muda na pesa.* Bure, lakini si rahisi. Kochi hana funguo za bweni. Vijana wa mtaa wengine wanaendesha boda mpaka usiku wa manane, huyo huwezi mwambia alale masaa nane, atakuuliza utamlisha wewe. Kile unaweza ni kupanga mazoezi: siku ya mazoezi magumu ya kugeuka isiwe asubuhi ya Jumatatu baada ya watu kufanya kazi wikendi mzima. Wiki ya mitihani punguza, fanya pasi na mbinu za kutembea. Na uliza. Swali moja kabla ya kuanza, "umelala aje?", linachukua dakika mbili kwa timu nzima, na mchezaji akikujibu "ah kochi, hivyo hivyo" siku tatu mfululizo huyo mweke kwa kikundi cha spidi ndogo bila kumwaibisha.

*Inakwama wapi.* Usiri na ujeuri. Kijana wa raga akigongwa kichwa anaficha juu anajua atatolewa. Kwa siku ya mashindano kama Dala Sevens ama Prinsloo, timu inacheza gemu kadhaa kwa siku moja, wachezaji ni wachache, kochi mwenyewe anashawishika kufumba macho. Msimamo wa raga ya dunia hapo hauna kona: ukishuku mtikisiko mtoe, na harudi siku hiyo, hata akikwambia ako fiti, hata akitaja majina ya wachezaji wote pamoja na ya refa. Kitu kingine, hii njia haijengi nguvu ya mguu wala haifundishi kuamua. Mtu anaweza lala vizuri sana na bado atue vibaya.

*Inamfaa nani.* Shule za bweni, vyuo, wachezaji wenye kazi ya usiku, timu yoyote ya raga. Na timu ambayo majeraha yake yanakuja kwa makundi, mwezi huu hakuna, mwezi ujao watatu. Angalia kalenda yao kabla ya kuangalia misuli yao.

Zikisimama kando kwa kando

Kwa ushahidi wa majeraha kupungua uwanjani, ya kwanza iko peke yake mbele, ya nne inafuata ingawa yenyewe ni ya kuonyesha hatari zaidi kuliko kuonyesha dawa. Kwa kufanana na gemu, ya pili haina mpinzani. Kwa urahisi wa kuanza kesho, ya tatu kwa simu, lakini ndio inarudisha kidogo zaidi. Kwa bei, tatu ni bure na moja inaweza kuwa ghali. Kwa kazi ya kochi, ya kwanza inataka uvumilivu, ya pili inataka jicho, ya nne inataka uwajue watoto wako kwa majina na kwa nyumbani kwao.

Na hazipigani. Dakika 20 za ya kwanza, dakika 10 za ya pili mara moja kwa wiki, na lile swali la usingizi, vyote vinaingia kwa mazoezi ya saa moja na nusu na mpira unabaki na saa nzima. Ila najua watu wengi hawataanza zote, kwa hivyo:

Ukiwa na hali hii, anza hapa

Timu ya wasichana wa sekondari, term two inakaribia na hamjawahi kufanya mpangilio wowote: njia ya kwanza, wiki zote, bila kuongeza kitu. Inafanya kazi ikifanywa mara mbili kwa wiki ama zaidi na ikifanywa mfululizo, si wiki moja kabla ya mashindano ya kaunti. Ya pili iongeze baada ya wiki sita hivi, wakishaanza kutua kimya.

Timu ya mtaa ya wanaume, wengi wamecheza miaka, wamapu wanaijua, lakini kila msimu mnapoteza mabeki: weka ya pili katikati ya mazoezi, mkitumia mtu na mpira, na mfundishe presha upya. Mtu akikaribia mwenye mpira apunguze hatua na ashuke, asimrukie. Hiyo peke yake ni mbinu ya ulinzi na ni kinga ya goti kwa wakati mmoja, na wachezaji wataikubali haraka ukiwauzia kama mbinu.

Timu ya raga ya saba saba: ya nne kwanza, sheria ya kichwa iandikwe na ijulikane kabla ya mashindano, nani anaamua mtu atoke, na asiwe yule kochi anayetaka kushinda. Halafu ya pili. Gemu ya mwisho ya siku, kichwa kikiwa kimechoka na jua la Kisumu limekupiga tangu asubuhi, ndio ingiza wa benchi mapema kuliko moyo unavyotaka.

Mzazi ambaye mtoto wake anachezea shule na klabu kwa wakati mmoja: uliza makocha wote wawili kama wanajuana. Mara nyingi hawajuani, na mtoto anafanya mazoezi magumu siku sita kwa wiki na hakuna mtu ameona. Anza na usingizi na ratiba, mambo ya programu za simu wachana nayo.

Mchezaji peke yake bila timu, uko estate Nakuru unajipanga kwa majaribio ya klabu: zile dakika 10 za katikati za njia ya kwanza unaweza fanya kwa uwanja wa nyumba, na tafuta rafiki mmoja wa kukurushia mpira kushoto ama kulia bila kukwambia. Rafiki mmoja anashinda programu kumi.

Na kama ushakatika ACL na unarudi. Hapa usichague mwenyewe kwa kusoma mtandaoni, nenda na fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, kama uko huku magharibi hospitali kubwa za kaunti wako nao. Lakini jua mambo mawili ya kumuuliza. Moja ni muda: utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi unaosubiri kabla ya kurudi, mpaka mwezi wa tisa baada ya upasuaji, hatari ya kuumia tena inashuka karibu nusu, kwa hivyo kochi akikuita mwezi wa sita kwa sababu kuna fainali, jibu ni hapana. Pili, muulize kama mtihani wake wa mwisho wa kukuruhusu uko na kitu cha kuamua ghafla ndani yake, mtu wa kukuonyesha upande ukiwa unakimbia, ama ni kuruka kwa mguu mmoja na kupima kwa tepu tu. Ukipita kuruka na hujawahi jaribiwa kwa kuamua, mwambie akuongezee wiki za hiyo kabla hajakuandikia barua ya kurudi.